Nimonia ya kupaliwa: J69.0 au J18.9?

Mkuu, umeuliza: daktari kaandika "nimonia" tu, lakini nesi kaandika kwamba mgonjwa alipaliwa na uji, je uweke J69.0, yaani msimbo wa nimonia ya kupaliwa katika ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa), badala ya J18.9, nimonia isiyotajwa aina? Usiweke kwanza. Nipo kitengo cha kumbukumbu za afya, na mafaili ya namna hii nakutana nayo sana.

Msimbo wa ugonjwa unafuata alichoandika daktari. Maelezo ya nesi, au eksirei yenye weupe sehemu ya chini ya pafu la kulia, ni sababu ya kumfuata daktari, si ruhusa ya wewe kuamua. Asipoongeza kitu, inabaki J18.9.

Kulikuwa na mzee amelazwa kwa kiharusi. Alipoingia mapafu yalikuwa safi. Usiku nesi kaandika: "Amelishwa uji akiwa amelala chali, amekohoa sana." Kesho yake homa imepanda, daktari kaandika nimonia, kaanzisha antibiotiki, seftriaksoni na metronidazoli. Nikapanda wodini, nikamfungulia ukurasa ule, nikauliza: "Daktari, hii nimonia ni ya aina gani?" Jibu sikumtajia, maana ukimtajia na ana foleni ya wagonjwa ataitikia tu umwache aendelee. Akasoma, akaandika mwenyewe "nimonia ya aspiresheni", yaani ya kupaliwa, akasaini na kuweka tarehe. Hapo ndipo nikaweka J69.0.

Halafu J69.0 ni ya chakula na matapishi, usiifanye kapu la kila aliyepaliwa. Kichanga aliyepaliwa na maziwa ni P24.3, aliyevuta mekoniamu (kinyesi cha kwanza cha mtoto) P24.0. Mama aliyevuta matapishi chini ya nusukaputi akijifungua ni O74.0, hali hiyo daktari Mendelson aliieleza kwa akina mama wanaojifungua huko Marekani mwaka 1946, na nje ya uzazi ina J95.4 yake.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hakikisha ana T52.0, msimbo wa sumu ya mafuta ya petroli. Hili linaniumiza kweli. Nimeona watoto hao wakiishia J18.9, na ripoti inapofika wilayani hakuna anayejua kwamba kuna mafuta ya taa yanawekwa kwenye chupa za soda majumbani.

Na kama yule mzee angefariki, chanzo cha msingi cha kifo kingekuwa kiharusi, I64 ikiwa aina yake haijathibitishwa, nimonia ikiandikwa kama matokeo yake. Ukikuta cheti kina nimonia peke yake huku faili linasema kiharusi, kirudishe kwa daktari kabla hakijatoka.