Nikae mezani au kaunta?

SWALI: Shikamoo mama. Wenzangu wa kazini wamenialika kwenye mkahawa wa sushi ulio mtaani kwetu. Kila nikipita jioni naukuta umejaa pomoni, watu wanacheka kwa sauti, na mgeni akiingia tu wapishi wote wanapiga ukelele. Sijawahi kula samaki mbichi, na vijiti sivijui. Naogopa kuumwa tumbo, naogopa pia kuaibika mbele za wenzangu. Nifanyeje?
Msomaji wako wa siku nyingi

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukelele huo usikutishe, ndivyo wapishi wa Kijapani wanavyomkaribisha mgeni, wala hudaiwi kuitikia. Tabasamu, tafuta kiti. Mkahawa wa sushi uliopoa ndio unaonitia wasiwasi mimi. Penye wateja wengi samaki halazwi mpaka kesho, wa leo anaisha leo.

Tumbo ni suala la haki kuuliza. Samaki wa baharini anaweza kubeba minyoo wanaoitwa Anisakis, na baridi kali huwaua. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza, kwa mfano nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Kwa hiyo ukiambiwa samaki alitoka kwenye friza, usimdharau mwenye mkahawa, anajua kazi yake. Ila kama una mimba, au kinga yako ya mwili ni dhaifu, mbichi achana nayo kabisa. Hutakosa chakula, maana msingi wa sushi ni wali uliotiwa siki. Juu yake huwekwa hata kamba wa kuchemshwa, mkunga aliyechomwa au mayai.

Mkiwa wengi mtapewa meza. Lakini nafasi ikipatikana, mwanangu, kaa kaunta! Mtazame mpishi anavyolowesha viganja, anachota wali kidogo, anapaka wasabi, kile kikolezo kikali cha kijani, upande wa ndani wa mnofu, anaulaza mnofu juu ya wali na kuukandamiza kwa vidole viwili, basi. Wali una uvuguvugu wa mwili wa mtu, samaki ana ubaridi, na vyote viwili unavipata kwa pamoja kinywani. Hali hiyo haidumu. Inaniuma sana kuona mtu ameletewa kipande kizuri namna hiyo, naye anakipiga picha huku na huku mpaka wali unakauka. Maki, yaani wali uliozungushiwa mwani, ndiyo usiseme, mwani unalegea upesi na kuwa kama karatasi iliyonyeshewa.

Vijiti visikunyime usingizi. Nigiri, yaani kile kipande cha mnofu juu ya wali, hata Japani huliwa kwa mkono. Kishike kwa vidole, kigeuze, uguse sosi ya soya kwa upande wa samaki. Ukichovya wali utasambaratika kwenye kibakuli. Kisha kitie chote mdomoni kwa mara moja. Wasabi usiongeze kabla hujaonja, mara nyingi mpishi ameshaipaka. Ile tangawizi ya siki si ya kuweka juu ya samaki, tafuna kidogo baina ya kipande na kipande ili ulimi usafike. Ukiamua kutumia vijiti, usivisimike kwenye wali, wala usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti, maana kwa Wajapani hayo ni mambo ya msibani.

Kwako wewe ningeanza na kamba na mayai, halafu samaki mweupe, ambaye ladha yake ni ya upole, halafu salmoni. Wajapani wenyewe hawakuwa na mazoea ya kuweka salmoni mbichi kwenye sushi mpaka Wanorwe walipoanza kuwashawishi miaka ya 1980, na leo inapendwa kupindukia. Jodari mwenye mafuta mwache mwishoni, akitangulia hutasikia ladha ya wengine.

Agiza vipande viwili viwili, usijaze meza. Kelele zikizidi, onyesha kwa kidole, hakuna atakayekucheka. Vinywaji mwombe mhudumu, maana mikono ya mpishi iko kwenye samaki. Na ukianza kushiba mwambie mpishi mapema, kabla hajakata mnofu mwingine.