Kwa wanaoanza kuzalisha uyoga wa porini Malindi

Wenzangu mnaoanza kazi hii, tofautisheni mapema kati ya kuendeleza uyoga uliouokota na kuzalisha aina mpya, kwa sababu wengi huanza na spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, wakitarajia kupata uyoga uleule. Ukikata kipande cha nyama ya ndani ya shina la uyoga mchanga na kukiweka juu ya agari (jeli ya kuoteshea) iliyotakaswa, utando mweupe utakaotambaa kutoka hapo ni wa uyoga huohuo, na sifa zake zote zimo. Spora ni watoto, na kila mmoja ana urithi wake.

Katika jamii ya Pleurotus, inayoota kwa vishada juu ya magogo yanayooza, spora zina makundi manne ya kujamiiana, na utando uliotoka katika spora moja kwa kawaida hauzai mpaka ukutane na wa kundi linaloafikiana nao. Ukipandisha spora za uyoga mmoja mbili mbili, takriban jozi moja kati ya nne ndiyo hukubaliana. Utaitambua kwa darubini: pembeni mwa viungo vya nyuzi zake hutokea vifundo vidogo. Jozi isiyo na vifundo hivyo usiipotezee mtama wa kuoteshea mbegu ya uyoga.

Huku kwetu joto ndilo linaloamua. Pleurotus ostreatus wa nchi za baridi huzaa vizuri chini ya nyuzijoto 20, ilhali Pleurotus djamor, wenye rangi ya waridi, huvumilia hadi 30, na Volvariella volvacea hupenda joto kali zaidi. Huu wa mwisho, tafadhali, usiuweke kwenye friji, kwani nyuzijoto 4 huudhuru utando wake. Ndiyo maana nauthamini sana uyoga wa porini ulioota kwenye joto letu, ingawa kuokota katika msitu wa Arabuko-Sokoke kunahitaji kibali, na usiotambuliwa na mjuzi usiliwe hata ukiwa umeuotesha mwenyewe.

Uyoga wa vichuguu uacheni kwa sasa. Hutegemea mchwa wanaoulea.

Ukishapata jozi nzuri, hifadhi mbegu mama (chupa za utando wa mwanzo) kadhaa zenye lebo ya tarehe na wazazi, kisha kila msimu anzia kwenye hizo, kwa sababu utando unaohamishwa mara kwa mara kutoka chupa hadi chupa hudhoofika na mavuno hupungua.