Dari Mpya, Tundu Hakuna: Usilipe Bado

Msomaji wa Tabora anataka kununua nyumba Ipuli. Kaona dari mpya ya jipsamu, nyeupe pee, akauliza tundu la kupandia darini liko wapi. Dalali kamjibu: "Fundi alisahau kuacha, lakini huko juu hakuna kitu." Sasa anauliza afanyeje.

Tundu likatwe. Nyumba ya bati ambayo hakuna aliyepanda darini kwake haijakaguliwa, hata ukipima kuta mpaka kesho.

Kubalianeni kwa maandishi nani ataziba. Ukiziba wewe mnunuzi, bado ni nafuu kuliko kubadili kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Fundi akate sentimita 60 kwa 60, koridoni au stoo, ndani ya mraba mmoja wa fremu ya dari ili asiguse mbao. Agonge kwa vidole kwanza: panapolia wazi hapana mbao. Mein swichi izimwe, akate kwa msumeno wa mkono, mbali na taa. Kipande kinachotoka ndicho kifuniko.

Panda asubuhi, kabla ya saa tatu. Saa saba mchana Oktoba, chini ya bati la Tabora, mkaguzi hukaa dakika tano akashuka akisema paa ni zima. Chukua barakoa, glavu, tochi ya kichwani na bisibisi. Mtu ashike ngazi. Kanyaga mbao za chini za kenchi tu. Jipsamu ya milimita 9 haibebi mtu, utatokea sebuleni.

Ukishatulia, zima tochi. Nuru inayochungulia kama nyota ni matundu ya misumari. Msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni hupitiwa na maji kila mvua, na raba yake ikishapasuka kwa jua, hakuna kinachozuia. Kiangazi hutaona tone, kwa hiyo tafuta madoa ya kahawia kwenye mbao chini ya kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, na pale paa mbili zinapokutana.

Mchwa ndiye mwenye nyumba halisi huku kwetu. Mulika ile mbao inayolala juu ya ukuta, pembe hadi pembe. Njia yake ni utepe wa udongo, mwembamba kama kalamu, unaopanda kutoka msingi. Uvunje: ukiona wadudu weupe, wako kazini. Utepe ukiwa mtupu, usishangilie. Choma mbao kwa bisibisi kila hatua, hasa kenchi inapokalia ukuta, maana uzito wa paa unashukia hapo. Mbao nzima inagoma. Iliyoliwa inameza bisibisi huku ngozi yake ya nje ikionekana safi kabisa.

Viungo vya waya viwe ndani ya kisanduku. Vilivyosokotwa na kuzungushiwa utepe mweusi ni moto unaomsubiri panya.

Kinyesi kinachosagika kwenye glavu na kumetameta mabaki ya wadudu ni cha popo. Usikifagie kikavu, vumbi lake linaweza kubeba kuvu wa mapafu; nyunyiza maji kwanza.

Muuzaji akikataa kukata, aondoe ubao mmoja wa dari ya nje, pembeni mwa paa. Ukiwa kwenye ngazi utaona mbao ya ukutani na mita chache za kenchi. Huo ni ukaguzi nusu, na bei ijadiliwe hivyo hivyo.