Ukisema "nakula mboga tu", Mwanza utaletewa dagaa

Huu ni mwaka wangu wa sita bila nyama, samaki, maziwa wala mayai, na miaka yote hiyo nimekuwa nikila nje, hapa hapa Mwanza. Nimepokea maswali mengi kutoka kwa wanaokula mimea tupu kama mimi. Nimeanza na lile linalojirudia kuliko yote.

Nimehamia Nyakato kikazi. Nikimwambia mhudumu sili nyama, anajibu, "Basi nikuwekee sato." Nikisema nakula mboga tu, analeta dagaa. Nifanyeje anielewe?

Amekuelewa vizuri, ndugu yangu. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, nyama ni ng'ombe na mbuzi. Samaki ni samaki. Na mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Ukimuuliza mtu wa Kirumba leo mboga gani, atakujibu sangara bila kusita. Kwa hiyo usitaje kundi, taja vitu kimoja kimoja: "Mama, mimi sili nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai wala maziwa. Maharage yapo? Umeyaunga na nini?"

Hilo swali la mwisho usiliache kamwe. Kuna maharage ya nazi, kuna ya karanga, kuna yaliyokaangiwa kitunguu na nyanya kwa mafuta ya alizeti, na hayo yote ni yako. Lakini kuna yaliyotiwa siagi, maziwa au supu ya nyama ili mchuzi uwe mzito, na kwa macho huwezi kuyatambua. Mchicha nao uulizie dagaa. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ikiungwa karanga ni chakula cha heshima, ila wengine huipika na maziwa au samli.

Mwaka wangu wa kwanza nilikula kwenye banda moja karibu na mwalo, pale samaki wanaposhushwa. Nilishauliza yote hayo, nikajibiwa vizuri, nikakaa kwenye benchi nikimtazama mama akipakua. Upawa ukatoka kwenye sufuria ya sato wa nazi, ukakung'utwa ukingoni mara moja, ukazama kwenye maharage yangu. Mafuta ya manjano yakatanda juu. Mama hakuwa amenidanganya. Sikuwa nimemwambia habari ya upawa. Kesho yake nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," nikamweleza taratibu. Akaniambia niwahi kabla foleni haijaanza. Tangu siku hiyo sahani yangu hupakuliwa ya kwanza, ikafunikwa na sahani nyingine hadi nifike.

Utaulizwa pia, "Wewe Msabato?" Usichukie. Huku ziwani Wasabato ni wengi na baadhi yao hawali nyama, kwa hiyo anayeuliza hivyo amekwisha kuhudumia mtu anayekaribiana nawe. Ila kama si Msabato usiitikie ili kufupisha maneno. Wapo Wasabato wengi wanaokula samaki mwenye magamba, na hapo utakuwa umejirudisha kwenye sato.

Ofisi yetu hufanya kikao cha mwisho wa mwezi kwenye hoteli ya ufukweni. Orodha ya chakula ni samaki mwanzo mwisho, na mimi huishia kula chipsi kavu.

Hata hizo chipsi, dada, uliza zimekaangwa wapi. Jikoni kwenye samaki wengi, karai la mafuta mara nyingi ni moja. Mayonezi ina mayai, iache, kachumbari kula.

Jambo la maana ni kupiga simu asubuhi ya siku ile. Saa saba mchana, watu arobaini wakiwa wameshaketi, mpishi hana nafasi ya kukufikiria. Saa tatu asubuhi anayo. Na usimuombe chakula cha pekee. Angalia alivyo navyo kama viambata, uviunganishe. Wali upo, ndizi za kukaanga zipo, nyanya, karoti, hoho, kitunguu na pilipili vipo. Mwombe choroko au njegere za nazi, azikaangie kwenye sufuria safi kwa mafuta mapya. Mpishi mzuri hufurahia kuulizwa anaweza nini. Waambie na wenzako mapema, kwa sentensi moja, ili mezani msijadili sahani yako badala ya kazi.

Nimeambiwa mikahawa ya Kihindi pale mjini ni salama kwa sisi. Kweli?

Ni salama kwa asiyekula nyama. Kwetu sisi ni nusu tu. Dengu na mchuzi wa mboga mara nyingi hukaangiwa samli, mikate hupakwa samli, na jibini na mtindi huingia sehemu nyingi. Omba wakupikie kwa mafuta ya mimea. Uzuri wa wapishi hawa ni kwamba ukiwaambia "bila samli, bila mtindi", hawakuulizi kwa nini.

Nasafiri kwa basi kwenda Bukoba kila mwezi. Njiani nile nini?

Zamani tulikuwa tukisubiri kivuko Busisi, mtu anapata muda wa kutafuta mahindi ya kuchoma. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi linapita moja kwa moja, kwa hiyo nunua kabla ya kupanda: karanga, ndizi mbivu, machungwa, mihogo. Mimi hubeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa ikapoa, na karanga za kukaanga pembeni. Inashibisha hadi jioni na haimwagiki.

Ukifika Bukoba umefika nyumbani. Ndizi na maharage ndicho chakula chao, nawe uliza tu kama kuna samli. Senene wataletwa kwa upendo mkubwa, shukuru, kataa.

Nakula wali maharage kwa mama ntilie siku sita kwa wiki. Nitakosa nini mwilini?

Vitamini B12, na hapa sitaki mzaha. Haipatikani kwa uhakika kwenye mmea wowote, si mchicha, si maharage, si karanga. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku. Mwili una akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo unaweza kujiona mzima huku akiba inakwisha. Baadaye ndipo huja upungufu wa damu, na ganzi ya mikono na miguu ambayo ikichelewa huenda isiondoke. Nenda duka la dawa, ueleze unavyokula, upate vidonge, uvimeze kwa utaratibu.

Madini ya chuma yapo kwenye maharage. Kamulia limau au kula chungwa mlo uleule, na chai ya rangi isogeze mbele saa moja hivi, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Uji wa lishe asubuhi ni mzuri, ila uulize unga wake: huku kwetu wapo wanaousaga pamoja na dagaa.

Mama ntilie wangu wa Buzuruga ananitoza wali maharage bei ya wali samaki. Anasema ananipikia pembeni. Ni haki?

Kama kweli anabandika sufuria nyingine, ni mkaa wake na muda wake, mlipe. Kama ni maharage yaleyale ya wote, mwulize mkiwa wawili, si mbele ya wateja. Wangu mimi hunitoza bei ya kawaida, na siku akinitwangia karanga naongeza mwenyewe.