Je, Sadaka ya Shukrani Lazima Ilingane na Bili ya Hospitali?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mume wangu alifanyiwa upasuaji, amepona na amesharudi kazini. Tunataka kufanya ibada ya shukrani. Wenzangu wananiambia sadaka ya shukrani isipungue bili tuliyolipa hospitali, yaani laki nane, la sivyo ugonjwa utarudi. Hela hiyo sina, labda nikope kikoba. Nifanyeje?

JIBU: Amina, mama. Usikope.

Nianze na hilo la ugonjwa kurudi, maana naona ndilo linalokutia hofu. Katika Luka 17 walitakaswa wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru, naye Msamaria. Yesu akauliza, “Wale kenda wa wapi?” Swali hilo lina uchungu, lakini Luka haandiki popote kwamba wale tisa walirudiwa na ukoma. Walichokosa ni kuwa miguuni pa Bwana na kusikia, “Imani yako imekuokoa.” Anayekuambia uponyaji unalipiwa ili usiondoke amegeuza neema kuwa bima.

Sasa kiwango. Soma Walawi 7:11–15 polepole. Aliyetoa dhabihu ya shukrani alileta mnyama pamoja na mikate ya aina nne: aina tatu hazina chachu (iliyochanganywa na mafuta, kaki yaani mikate myembamba iliyopakwa mafuta, na ya unga mwembamba uliokandwa kwa mafuta), na ya nne imetiwa chachu. Mapokeo ya Kiyahudi yaliyoandikwa katika Mishna (mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi) yanahesabu mikate kumi kwa kila aina, jumla 40. Kuhani alichukua mmoja wa kila aina, pamoja na kidari na paja la kulia la mnyama. Mikate 36 na nyama iliyobaki ilirudi kwa mtoaji mwenyewe! Kisha ikaja amri: nyama iliwe siku hiyohiyo, isibaki hata asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari iliweza kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani hapana. Nani atamaliza nyama yote hiyo na mikate 36 kwa siku moja na mkewe? Ilibidi aite ndugu na majirani, na wakija lazima watauliza kuna nini. Hapo ndipo anaposimulia.

Kwa hiyo shukrani katika Biblia ni meza na ushuhuda. Hakuna mahali sheria ilipouliza mtu aliumwa kiasi gani ili apangiwe gharama. Katika Zaburi 50:12 Mungu mwenyewe anasema, “Kama ningekuwa na njaa singekuambia.” Sisi Wakristo hatufungwi na taratibu zile za madhabahuni, ila Waebrania 13:15–16 inashika vitu vilevile viwili: tunda la midomo, na kushirikiana. Fedha toeni mnayoweza, “si kwa huzuni, wala si kwa lazima” (2 Wakorintho 9:7).

Kuna jambo moja linaloweza kubadilisha jibu langu: je, mlipokuwa wodini mliweka nadhiri? Kama mlitamka “tutatoa kadhaa,” hilo ni deni, na Kumbukumbu la Torati 23:21 inasema usilegee kuliondoa. Likiwazidi uwezo, nendeni kwa mchungaji mkapange. Hata katika Walawi 27:8 kuhani alimkadiria maskini aliyeweka nadhiri kwa kadiri ya uwezo wake. Kama hamkutamka kitu, msibuni nadhiri sasa kwa sababu ya maneno ya watu.

Siku ya ibada, ushuhuda autoe mumeo, dakika tano zinatosha. Afuate mwendo wa Zaburi ya 116: shida ilivyokuwa (mstari wa 3), alivyomlilia Bwana (4), alivyoponywa (8), na anachoahidi mbele ya watu (13–14). Shuhuda nyingi huharibikia kwenye mstari wa 3. Mtu anasimulia kidonda kwa robo saa, anaingia kwenye mawifi waliomroga, na Mungu anakuja kutajwa wakati kipaza sauti kinadaiwa. Daktari na wauguzi watajwe kwa shukrani. Kuwataja hakumpunguzii Mungu utukufu. Asitaje ugonjwa wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, siri ile si yake. Waimbaji wapeni zaburi hiyohiyo mapema, wasije wakaimba pambio la maadui kuaibishwa.

Chakula kiwe cha kiasi chenu: sufuria moja ya pilau na chai, mkiwaita kwanza waliokesha nanyi hospitali na waliowaletea uji. Kikibaki, kifungeni jioni ileile kiende kwa mgonjwa au mjane wa jirani, kingali cha moto.