Upande wa pili wa kaseti

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unaniuliza kama ni kweli muziki wa roki usingekuwepo bila dawa za kulevya, maana mpiga ngoma wenu huko Nairobi anawaambia kwamba mtu asiyetumia kitu hawezi kutunga jambo jipya. Halafu mwishoni ukaongeza maneno machache: "Hata mjomba, watu wanasema alikuwa anapiga vizuri akishavuta." Nikajua swali lako liko hapo, na nitaanzia hapo.

Mimi nilikuwepo. Mwaka 1986 yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, huyo mjomba wako, alikuwa mpiga gitaa la solo wa orkestra yetu hapa Katuba, nami nilikuwa naimba sauti ya pili. Kwa kuwa nilikuwa msichana peke yangu, tena mdogo wake, hakuna aliyethubutu kunipa msokoto. Nikapewa kazi ya kubonyeza redio-kaseti. Jumamosi moja tulirekodi wimbo mmoja mara mbili kwenye kaseti ileile. Upande wa kwanza ulikuwa wa mchana, tumetoka kula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, kila mtu na akili yake. Upande wa pili ulikuwa wa usiku, bangi imeshazunguka na lutuku, ile gongo yetu, imebaki chini ya chupa.

Furaha ya usiku ule siwezi kuikana. Walikumbatiana. Mpiga besi alitokwa na machozi. Ukisikiliza kaseti unawasikia wakipiga kelele, "Hii ndiyo yenyewe!" Lakini sikiliza gitaa. Yaya anarudia noti nne zilezile, anazirudia tena, uzi mmoja umelegea na hakuna aliyeusikia. Ngoma zinachelewa, zinakimbia ili zifike, zinachelewa tena. Wimbo uliokuwa wa dakika tano mchana umepita kumi na moja bado hauna mwisho, mpaka utepe wenyewe ukakwisha.

Jumatatu nikamwekea yaya upande ule. Alisikiliza ameinamisha kichwa, hakusema neno, kisha akaniuliza, "Huyu anayepiga ni nani?" Hakuwa anatania.

Bangi haikumwongezea yaya noti hata moja. Ilimnyang'anya lile sikio linalosema "hapana, rudia." Mtunzi anakula kwa sikio hilo. Likizibwa, kila anachogusa kinamwia kitamu, anaamka kesho akiamini alifunuliwa kitu. Na hao watu wanaosema alipiga vizuri akishavuta, wengi wao walimsikia baa, usiku wa manane, na wao wenyewe chupa ya ngapi sijui.

Ufundi wake ninajua ulikotoka, maana ulininyima usingizi. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa huku kwetu Katanga, alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada, na ukimsikia unadhani ni watu wawili wamekaa pamoja. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Yaya alitaka kupata lile dole gumba la Mwenda. Msimu mzima wa mvua alikaa kwenye kibaraza na gitaa la kuazima, gumba likienda peke yake, tum, tum, tum, hadi marehemu bibi yako akatishia kulitia jikoni liwe kuni. Wakati huo hata sigara alikuwa hajaijua.

Sasa hao wa roki. Sitakudanganya kwamba dawa hazikuingia kwenye nyimbo zao. Ziliingia. John Lennon wa bendi ya Beatles ya Uingereza alipotumia LSD, dawa inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo, aliona mambo, na mwaka 1966 akataka sauti yake isikike kama ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Tibet, anayeimba kutoka juu ya mlima. Wazo hilo lawezekana lilitoka huko. Lakini wazo halijawa wimbo. Fundi wa sauti, Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, ndiye aliyepitisha sauti ile kwenye spika inayozunguka ya kinanda cha Hammond. Aliyeongoza kazi yote ni George Martin, mtu mzima aliyesomea muziki shuleni, ambaye dawa zao hakuzigusa. Na kabla ya hapo Beatles walishapiga saa nyingi kila usiku katika vilabu vya Hamburg. (Huko nako walimeza vidonge, lakini ni vya kuwazuia wasilale, kama dereva wa lori la kwenda mpakani Kasumbalesa anayetafuta kitu cha kumkesha.)

Tena mwezi Machi 1967 Lennon alimeza LSD kwa makosa wakiwa studio, akidhani ni kidonge kingine. Unajua alitunga nini usiku ule? Hakutunga. Alishindwa hata kuimba. Martin, bila kujua kilichomsibu, akampeleka juu ya paa apate hewa, wenzake wakakimbia kumshusha wakiogopa ataanguka.

Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa Mmarekani, alipiga kwa miaka akiwasindikiza waimbaji wengine, nyuma ya Little Richard, nyuma ya Isley Brothers, kabla London haijamjua mwaka 1966. Akafa Septemba 1970. Siku 16 baadaye akafa mwimbaji Janis Joplin. Wote wawili walikuwa na miaka 27, mwanangu, umri wako wa mwezi wa tano ujao. Ndiyo maana nimeshindwa kukujibu kwa maneno mawili ya simu.

Naye Brian Wilson, mtunzi wa bendi ya Beach Boys ya Marekani, aliiacha albamu yake Smile mwaka 1967 ikiwa vipande vipande. Aliimaliza 2004. Sisemi ni dawa peke yake, kichwa chake kilikuwa kinaumwa, na dawa zilimkuta humo. Lakini miaka 37! Ukitunga unajua kwamba kuanza wimbo kila mtu anaweza.

Bangi ilimpa yaya kitu kimoja cha kweli. Ilimwondolea woga. Alikuwa mtu wa haya sana, akipanda jukwaani mikono inakuwa baridi, na kuvuta mara mbili tu kulimpasha moto. Baada ya ile Jumatatu alijizuia wiki tatu. Ikaja harusi kubwa, watu wengi, akarudi. Wenye baa nao walikuwa wakiwalipa kwa chupa. Mikono uliyoijua wewe, ile iliyokuwa ikimwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni, ndiyo mikono ya dole gumba lile. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ulimpenda, na mimi pia nilimpenda.

Wewe haya hizo umezirithi, nimeziona tangu ukiwa mdogo kanisani. Nipigie kabla hujapanda jukwaani, saa yoyote.

Kaseti bado ninayo. Kijana wa jirani amenihamishia pande zote mbili kwenye simu, nakutumia usiku huu. Mpe na huyo mpiga ngoma wenu asikilize, ila usimwambie upi ni wa mchana na upi ni wa usiku.

Mama yako