Kwa madokta wapya wa wilayani: homa ya ini mtajifunzia kazini

Wadogo zangu mnaotoka intern na kupangiwa wilayani, kuna kitu mtakiona mapema sana, homa ya ini B, yaani hepataitisi B, imejaa OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje). Itakuja na kijana aliyeenda kuchangia damu akaambiwa damu yake haifai, itakuja na mama mjamzito wa kliniki, halafu itakuja na baba wa miaka arobaini tumbo limejaa maji, na huyo ndo tumeshachelewa. Chuoni mlikariri serolojia (kusoma vipimo vya damu vya virusi na kinga) ya kufaulu mtihani, ila kumfuatilia mgonjwa mmoja wa hepataitisi B miaka mitatu mfululizo hakuna aliyewafundisha, hicho unakipatia kazini au hukipati kabisa.

Mazoea mtakayoyakuta ni haya, HBsAg, kipimo cha damu cha hepataitisi B, ikija pozitivu dokta anaandika rufaa kwa bingwa, basi. Sasa mabingwa wa ini wenyewe wachache na wako mijini, mgonjwa anapiga hesabu ya nauli, kulala na vipimo anaona bora akanywe mizizi tu, ukija kumuona tena macho ya njano na ultrasaundi inaonyesha uvimbe. Ripoti ya WHO ya 2024 inasema kanda ya Afrika wenye hepataitisi B waliokwisha kupimwa wakajulikana ni kama 4% tu, na walio kwenye dawa hawafiki hata 1%. Kwa kutegemea mabingwa peke yao hizo namba hazisogei.

Wamarekani walishakwama hapo hapo na hepataitisi C. Jimbo la New Mexico, bingwa mmoja wa ini, Sanjeev Arora, kliniki yake pale Albuquerque mgonjwa alikuwa anasubiri mpaka miezi minane. Mwaka 2003 akaanzisha Project ECHO, yaani kila wiki anakutana kwa video na madokta wa kawaida wa vijijini na wa magereza, wao wanaleta wagonjwa wao wenyewe, wanajadili, wanarudi kutibu. Matokeo yalitoka 2011 kwenye New England Journal of Medicine, wagonjwa 407, waliopona kwenye kliniki ya chuo kikuu 57.5%, kwa madokta wa kawaida 58.2%. Na hiyo ni enzi ya interferoni, sindano za kumtesa mtu miezi na miezi, sio hivi vidonge vya siku hizi vya wiki 12 vinavyoponya zaidi ya 95%.

Kwa hiyo hapa nisikilizeni vizuri kwenye suala la CPD, yaani mafunzo endelevu ya kazini. Baraza la madaktari linataka pointi ndo leseni ihuishwe, sawa, ila mtaona watu wanaingia Zoom, wanazima kamera, wanaenda kula, cheti kinakuja kwenye imeili. Pointi amepata, mgonjwa wake hajapata kitu. Mi nasema tafuta kipindi kinachokuruhusu ulete kesi, hata kama pointi zake ni chache, na ukikosa tengenezeni kagrupu na bingwa mmoja anayepokea simu. Kesi yako iwe na umri, ALT na AST (vimeng'enya vya ini), platileti (chembe za kugandisha damu), HIV, ultrasaundi, kama ni mjamzito, na kama kuna ndugu alikufa na saratani ya ini (hili la ndugu watu wanalisahau sana, na peke yake linatosha kumuanzishia dawa). Usione aibu kusema kipimo fulani hatuna, hapo ndo bingwa anakwambia kama unaweza kuendelea bila hicho.

Na mara nyingi unaweza. APRI, hesabu ya kukadiria makovu ya ini, haihitaji mashine yoyote ya kifahari, chukua AST gawanya kwa kikomo cha juu cha maabara yenu, zidisha mia, gawanya kwa platileti. AST 80, kikomo 40, platileti 100, unapata 2. Mwongozo wa WHO wa 2015 kwa upande wa APRI ulikuwa unasubiri izidi 2, yaani sirosisi, ini limeshajaa makovu, wa 2024 umeshusha, ikizidi 0.5 kwa mtu mzima unaanza dawa. Tofauti kubwa hiyo, na ndo maana kuna wakubwa zetu bado wanamwambia mgonjwa "wewe ni mbebaji tu, nenda nyumbani". Usibishane nao mbele ya mgonjwa. Shikamoo kwanza, halafu baadaye ofisini mwonyeshe ukurasa wenyewe, wengi wanaelewa.

Tenofovia, dawa yenyewe ya hepataitisi B, nayo ina mambo yake mawili. Usimuanzishie mtu bila kupima HIV, maana akiwa nayo na ukampa hiyo moja peke yake unatengeneza usugu. Halafu asiache kiholela, virusi vinarudi kwa fujo na ini linaweza kufeli kabisa, mwambie hivyo kabla hajaondoka. Manesi wa CTC (kliniki ya wenye HIV) wameishi na hii dawa miaka mingi, namna ya kuongea na mtu kuhusu kidonge cha kila siku wanajua kuliko sisi, kaa nao.

Hepataitisi C sitaisema sana, ila kipimo cha antibodi pekee hakitoshi, thibitisha virusi vipo kabla hujamtisha mtu.

Halafu fungua daftari. Jina, namba ya simu, APRI ya leo, tarehe ya kurudi miezi sita ijayo hata kwa ambaye hajafikia dawa, na mstari wa mke au mume na watoto, nani kapimwa, nani kachanjwa. Ukihamishwa kituo mkabidhi anayekuja mkono kwa mkono, usiliache kwenye droo.